Kuku, Bia na Ndevu: Kisa cha Boston Red Sox, 2011 hadi 2013

Usiku wa 28 Septemba 2011, mjini Baltimore, Boston Red Sox walikuwa mbele kwa pointi 3-2 na wapinzani wao wamebakiza mtu mmoja tu wa kutolewa. Aliyeshika mpira ni Jonathan Papelbon, mrushaji ambaye kazi yake ni kuingia mwishoni na kufunga mechi. Msimu ule, kila Boston walipoianza raundi ya 9, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, wakiongoza, walishinda. Mara 77 bila kuteleza hata mara moja.

Chris Davis akapiga, akafika kituo cha pili. Nolan Reimold, akiwa amebakiziwa kosa moja tu atoke na mechi iishe, naye akapiga. 3-3. Kisha Robert Andino akausukuma mpira wa chini kidogo kuelekea kushoto, kwa Carl Crawford, mchezaji aliyesajiliwa kwa dola milioni 142. Crawford akateleza na glavu mbele, mpira ukagusa glavu ukamponyoka. 4-3. Orioles, timu ya Baltimore iliyomaliza msimu mkiani mwa kundi lake, ilishangilia kana kwamba imetwaa ubingwa.

Dakika 3 hivi baadaye, kule Florida, Evan Longoria wa Tampa Bay Rays aliupiga mpira ukavuka ukuta, na Rays wakawalaza New York Yankees 8-7 katika raundi ya 12. Hadi wanaingia kupiga katika raundi ya 8 walikuwa nyuma 7-0. Timu hizo mbili zilikuwa zimeuanza usiku ule, wa mwisho wa msimu, zikiwa sawa na zikigombea nafasi moja: Rays wakaenda mtoano, Boston wakafunga mabegi.

Siku 25 kabla ya hapo, Boston walikuwa wamewaacha Rays kwa tofauti ya mechi 9. Katika historia ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani hapakuwahi kuwa na timu iliyoingia Septemba na pengo la namna hiyo kisha ikakosa mtoano. Ndani ya mwezi mmoja Red Sox walishinda mechi 7 na kupoteza 20. Na kwa kuwa jambo kama hilo haliwezi kuachwa bila maelezo, Boston nzima ikaanza kutafuta mchawi.

Kwa msomaji aliyezoea soka, kuna mawili ya kuweka sawa. La kwanza ni ratiba: timu hucheza mechi 162 kwa miezi 6, karibu kila siku, na wachezaji wa kikosi, enzi zile 25, wanakula, wanasafiri na kulala hotelini pamoja kuanzia Februari hadi vuli. La pili ni kwamba hakuna pasi. Mpigaji anasimama peke yake na gongo lake, mrushaji naye peke yake juu ya kichuguu chake. Huwezi kumnyima mwenzako mpira kwa sababu mmegombana. Kwa hiyo mtu anaposema Boston ilianguka kwa kukosa muunganiko, ana deni la kueleza muunganiko huo ulipaswa kufanya kazi gani hasa.

Ongeza na hili: warushaji wa kuanza mechi, wale wanaoufungua mchezo na kuubeba kwa raundi 6 au 7, hupanda kichuguuni mara moja kila baada ya siku 5. Siku nyingine 4 wanafanya mazoezi yao, halafu mechi inapoanza hawana kazi. Desturi inataka wakae benchi na wenzao. Hakuna sheria inayowalazimisha. Kisa chote kilianzia kwenye nafasi hiyo ndogo.

Matarajio yalijengwa mapema. Desemba 2010 Boston walimchukua Adrian Gonzalez kutoka San Diego, na baadaye wakampa mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 154. Crawford alitoka Tampa kwa miaka 7 na zile milioni 142. Kabla hata ya mazoezi ya Februari kuanza, palikuwa na walioandika kwamba kikosi hiki kitawekwa mizani moja na Yankees wa 1927, moja ya vikosi bora katika historia ya besiboli. Hapo hakuna aliyekuwa amerusha mpira.

Msimu ukaanza kwa kupoteza mechi 6 mfululizo. Baada ya mechi 12 walikuwa na ushindi mara 2. Kisha wakaamka, na kuanzia hapo hadi mwisho wa Agosti walishinda mechi 81 na kupoteza 42. Hizo ni hesabu za bingwa. Ninazitaja kwa sababu zinasahaulika kila kisa hiki kinaposimuliwa: wachezaji walioitwa sumu mwezi Oktoba ndio hao hao walioshinda mechi 81 kati ya 123. Kama palikuwa na bia, ilikuwepo na Julai.

Terry Francona, kocha aliyewapa Boston mataji ya 2004 na 2007, alikuwa ameshanusa kitu. Septemba 6, mjini Toronto, timu yake ilishinda 14-0, na badala ya kuwaacha wafurahi aliwaita kikao. Kocha anayeita kikao cha onyo baada ya ushindi wa 14-0 ana habari ambazo ubao wa matokeo hauna. Tarehe 30, siku 2 baada ya Baltimore, kibarua chake cha miaka 8 kikafika mwisho. Alisema timu inahitaji sauti mpya, na kwamba humo ndani yalikuwepo mambo yaliyomtia wasiwasi.

Oktoba 12 Boston Globe ikayamwaga. Kwa mujibu wa gazeti hilo, warushaji wa kuanza, Josh Beckett, Jon Lester na John Lackey, siku ambazo si zamu yao walikuwa wakibaki chumba cha kubadilishia nguo mechi ikiendelea, wakinywa bia, wakila kuku wa kukaanga na kucheza michezo ya video. Humo humo yakatajwa mambo ya faragha ya kocha aliyekwisha kuondoka, kutoka kwa watu ambao hawakutaka kutajwa majina. Hilo la pili ndilo lililonichafua roho zaidi kuliko kuku. Meli ilikuwa imeshazama, na waliobaki salama walikuwa wakimtupia maji yule aliyekwisha kuzama.

Lester alijitokeza na kukiri sehemu yake: bia moja moja ilikuwepo, na kuku waliagizwa kama mara moja kwa mwezi. Haikusaidia. “Kuku na bia” yakawa maneno mawili yaliyotosha kueleza mechi 20 zilizopotea. Yalikuwa rahisi kubeba. Shabiki aliyelipa nauli, tiketi na soda ya bei ya ajabu pale Fenway, uwanja wa nyumbani wa Boston, hakuhitaji takwimu yoyote ili aone ametukanwa.

Maelezo mengine yalikuwepo, ila hayakuwa na ladha ya kukaanga. Clay Buchholz, mmoja wa warushaji bora wa timu, hakurusha tena tangu katikati ya Juni kwa sababu ya mgongo. Daisuke Matsuzaka alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko. Lackey alimaliza msimu akiruhusu wastani wa pointi 6.41 kwa kila raundi 9, na kiwiko chake nacho kilikuwa kibovu: Novemba ile ile alipasuliwa na msimu wote wa 2012 hakucheza. Warushaji wa kuanza wa Boston, kwa ujumla wao, waliruhusu zaidi ya pointi 7 kwa kila raundi 9 mwezi Septemba. Kwa namba hiyo unaweza kuwa na kikosi cha watawa na bado ukafungwa.

Hapa inafaa kurudi nyuma hadi 2004. Boston hawakuwa wametwaa ubingwa kwa miaka 86. Kwenye nusu fainali walikuwa nyuma mechi 3-0 dhidi ya Yankees, mahali ambapo hakuna timu ya besiboli iliyowahi kutoka, nao wakatoka wakashinda 4 mfululizo. Baadaye Kevin Millar, mchekeshaji wa kikosi kile, alisimulia hadharani kwamba kabla ya mechi za mwisho za mfululizo ule wachezaji walipeana vikombe vidogo vya wiski. Kabla ya mechi, si baada. Kikosi kile kilijiita “Wajinga” na kuacha nywele zimwagike mabegani, na mji mzima ukacheka nao hadi leo.

Pombe ya 2004 ni hadithi ya udugu, ya 2011 ni ushahidi wa hujuma. Mtu anaweza kusema tofauti ni matokeo tu, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Mimi naona na tofauti nyingine. Wiski ya Millar, kama alivyoisimulia, ilikuwa ya wote. Bia ya 2011 ilinywewa na watatu huku wenzao wakiwa uwanjani. Mlinzi wa kituo cha pili anapogeuka kutazama benchi katika raundi ya 7, aone viti vya watu anaowapigania viko wazi, hapunguzi nguvu ya kupiga mpira kwa sababu hiyo. Ila kesho yake, timu ikipoteza mechi ya 5 mfululizo, hakuna mwenye haki ya kusimama na kusema “jamani”. Hapo ndipo muunganiko unapofanya kazi kwenye mchezo usio na pasi: nani anaweza kusema, na nani atamsikiliza.

Sauti za juu nazo hazikuwa shwari. John W. Henry, mmiliki mkuu, alikuwa pia ameinunua Liverpool Oktoba 2010, na Boston haikukosa mashabiki walioamini macho yake yamehamia Uingereza. Siku chache baada ya makala ya Globe, Henry aliwasha gari akaenda mwenyewe hadi studio ya redio ya michezo iliyokuwa ikimsema, akaingia, akajibu hewani. Katika kujitetea akasema yeye binafsi hakuutaka usajili wa Crawford. Crawford alikuwa bado na miaka 6 ya mkataba. Fikiria unarudi kazini Februari baada ya bosi kutangaza redioni kwamba hukuwa chaguo lake. Theo Epstein, meneja mkuu aliyejenga mabingwa wa 2004 na 2007 na ndiye aliyemsajili Crawford, alihamia Chicago Cubs mwezi huo huo.

Dawa waliyochagua ni mkono wa chuma. Bobby Valentine, aliyewahi kuwapeleka New York Mets fainali ya 2000 na kutwaa ubingwa Japani mwaka 2005, alipewa timu Desemba 2011. Februari akapiga marufuku bia chumbani. Mashabiki wengi walipiga makofi. Ndiyo adhabu waliyokuwa wakiisubiri. Makofi hayo yalidumu hadi katikati ya Aprili, Valentine aliposema kwenye televisheni kwamba Kevin Youkilis hayuko mchezoni kwa mwili na kwa moyo kama zamani. Youkilis alikuwa bingwa mara mbili pale Boston. Dustin Pedroia, nahodha asiye na kitambaa, akajibu mbele ya waandishi kwamba hapa mambo hayafanywi hivyo. Wiki ya pili ya msimu, na kocha amekwisha kukosana na chumba chake.

Yaliyofuata yalikuwa marefu na machovu, nitayapita haraka. Mei, Beckett aliruka zamu kwa maumivu ya msuli, ikajulikana alikwenda kucheza gofu. Alipopanda kichuguuni akapigwa na Cleveland, akazomewa, naye akajibu kwamba siku zao za mapumziko ni chache na ni zao. Juni, Youkilis akauzwa. Julai, Lester aliachwa kichuguuni hadi akafungwa pointi 11 na Toronto, na siku chache baadaye wachezaji wakaketi na wamiliki mjini New York kumlalamikia kocha. Agosti alifariki Johnny Pesky akiwa na miaka 92, mzee aliyeitumikia klabu sehemu kubwa ya maisha yake na ambaye nguzo ya kulia pale Fenway inaitwa kwa jina lake. Mazishini walifika wachezaji wanne.

Wanne. Timu ilikuwa imecheza New York usiku uliotangulia na kurudi alfajiri, na huo ndio utetezi uliotolewa. Lakini kwa shabiki wa Boston, hususan wa umri mkubwa, siku ile ilikata mzizi kuliko kipigo chochote cha uwanjani. Kuku unaweza kumsamehe mtu. Kutokwenda kumzika mzee wa nyumba, si rahisi.

Siku 5 baadaye, 25 Agosti 2012, meneja mkuu mpya Ben Cherington alifanya biashara ambayo ligi haikuwahi kuona mfano wake: Gonzalez, Crawford, Beckett na Nick Punto wakaenda Los Angeles Dodgers pamoja na mishahara yao, mzigo uliozidi dola milioni 250. Picha ikazagaa ya Gonzalez, Beckett na Punto ndani ya ndege binafsi, wote wameachia tabasamu. Boston iliyobaki ilipoteza mechi 8 za mwisho mfululizo, ikamaliza na ushindi 69 dhidi ya vipigo 93, msimu mbaya kuliko yote tangu 1965. Valentine alitupiwa virago Oktoba 4. Yote haya katika mwaka ambao Fenway ilitimiza miaka 100.

Kilichofuata ndicho kinachofanya kisa hiki kiendelee kubishaniwa. Cherington alikuwa na fedha nyingi mkononi na mashabiki wenye hasira. Mtu mwingine angetafuta jina kubwa. Yeye akasajili wachezaji 7 wa kiwango cha kati, hakuna aliyepewa zaidi ya miaka 3. Shane Victorino dola milioni 39. Ryan Dempster. Stephen Drew mwaka mmoja. Mdakaji wa akiba David Ross. Jonny Gomes, milioni 10 kwa miaka 2. Koji Uehara, Mjapani wa miaka 37, mwaka mmoja. Mike Napoli alikuwa ameshakubaliana miaka 3, vipimo vikaonyesha nyonga mbovu, akasaini upya kwa mwaka mmoja wa milioni 5 na nyongeza. Kocha akaletwa John Farrell kutoka Toronto, aliyekuwa kocha wa warushaji wa Boston chini ya Francona kuanzia 2007 hadi 2010. Lester na Buchholz walikulia mikononi mwake.

Watabiri wakaiweka Boston chini ya kundi. Bingwa wa majira ya usajili mwaka ule alikuwa Toronto, aliyekusanya majina makubwa kwa namna ile ile ya Boston miaka 2 nyuma. Toronto walimaliza wa mwisho.

Aprili 10, 2013, kwenye mechi ya pili tu nyumbani, mfululizo wa mechi 794 za ligi ambazo tiketi za Fenway ziliisha, ulioanza Mei 2003, ulikatika. Viti vilikuwa wazi kwa maelfu. Kwa mwezi huo klabu ilikuwa imepunguza bei ya vyakula na vinywaji ili kuwabembeleza watu warudi, bia ikiwemo. Kuomba radhi kwa bia baada ya kashfa ya bia ni ujasiri wa aina yake.

Mimi ninaamini viti vile vitupu vilikuwa zawadi. Matarajio ya 2011 yalimfanya kila mchezaji awe anadaiwa kabla hajafika. Mwaka 2013 hakuna aliyedaiwa kitu. Gomes na Napoli walianza kufuga ndevu kwenye mazoezi ya Februari, wengine wakafuata, na mtu akipiga mpira wa kuvuka ukuta alirudi benchi kuvutwa ndevu na wenzake. Upuuzi mtupu, sawa na nywele za 2004. Kufikia Septemba klabu iliandaa usiku wa kuingia kwa dola 1 kwa kila mwenye ndevu, za kweli au za kubandika.

Kati ya viti vile vitupu na usiku huo wa ndevu palitokea Aprili 15. Siku ya mbio za marathoni Red Sox hucheza asubuhi, ili watu watoke uwanjani wakawaone wakimbiaji. Napoli aliupiga mpira ukagonga ukuta, Boston wakashinda 3-2, timu ikaanza safari ya Cleveland. Muda mfupi baada ya mechi mabomu mawili yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia. Watu 3 walikufa, zaidi ya 260 wakajeruhiwa. Wachezaji walikula chakula cha jioni pamoja Cleveland, na kesho yake benchini ikaning'inizwa jezi yenye namba 617, msimbo wa simu wa Boston. Tarehe 20 waliporudi Fenway, David Ortiz alishika kipaza sauti akautangaza mji kuwa ni wao, kwa neno la matusi katikati, mubashara, na mkuu wa mamlaka ya mawasiliano ya Marekani akajitokeza kumuunga mkono. Mchana ule Daniel Nava alipiga mpira uliowapa ushindi.

Wapo wanaosema ubingwa ulizaliwa siku hizo. Ninaona ni kuwakosea heshima waliokufa, na pia ni kuwakosea warushaji. Buchholz alirudi na kumaliza na ushindi 12 dhidi ya kipigo 1. Lackey alirudi na kiwiko kipya, akaruhusu wastani wa 3.52 pale palipokuwa 6.41. Uehara, aliyepewa kazi ya kufunga mechi baada ya wengine kuumia, alimaliza na 1.09. Timu ilikusanya pointi 853, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi. Kwa hiyo mifupa na misuli ilifanya kazi kubwa kabla hujafika kwenye mioyo.

Hata hivyo kuna takwimu moja ya 2013 ambayo siwezi kuimalizia kwa viwiko peke yake. Katika mechi 162 Boston hawakupoteza zaidi ya 3 mfululizo, hata mara moja. Timu nzuri nyingi hupata wiki moja ya balaa. Ile ya 2011 ilianguka mechi 6 za mwanzo, na Septemba haikuinuka kabisa. Kikosi kinachozuia kipigo cha tatu kisizae cha nne na cha tano kina watu wanaoambiana ukweli asubuhi, na Cherington alikuwa amewanunua watu wa namna hiyo kwa makusudi: Ross, ambaye hakupata hata mechi 40, Gomes, aliyeingia na kutoka.

Fainali ilionyesha hilo kwa karibu. Mechi ya 4, St. Louis wakiongoza kwa mechi 2 dhidi ya 1, Ortiz aliwakusanya wenzake mbele ya benchi katikati ya mechi akawafokea kama baba mwenye watoto wanaosinzia. Muda mfupi baadaye Gomes, ambaye hakuwa hata kwenye kikosi cha kwanza hadi mgongo wa Victorino ulipokaza, alipiga mpira wa pointi 3 ukavuka ukuta. Boston 4, St. Louis 2. Ukipenda utaita hotuba ndiyo iliyopiga mpira ule. Mimi ninachokiona ni kwamba Septemba 2011 hapakuwa na mtu wa kuitoa.

Oktoba 30 ubingwa ulikamilika Fenway kwenyewe, 6-1, mara ya kwanza nyumbani tangu 1918. Aliyeanza kichuguuni alikuwa Lackey. Alipotolewa raundi ya 7, uwanja ulisimama ukaimba jina lake, na yeye, mtu mkavu asiyependa kubembeleza, akainua kofia kidogo. Lester alikuwa ameshinda mechi 2 za fainali hiyo. Wawili kati ya watatu wa kuku na bia.

Kisha ikaja 2014, ambayo wauzaji wa hadithi za ndevu hawapendi kuigusa. Farrell yule yule, Napoli, Gomes, Ross, Victorino, Pedroia, Ortiz, Lester, Lackey. Jacoby Ellsbury alikuwa ameenda Yankees na mdakaji mkuu ameenda Miami, lakini chumba kilikuwa kile kile. Mei walipoteza mechi 10 mfululizo. Pointi zikashuka kutoka 853 hadi 634, wakamaliza mkiani na ushindi 71. Urafiki ulikuwepo, waliozeeka walizeeka, walioumia waliumia, na vijana waliotegemewa kuziba nafasi hawakupiga. Julai 31 Lester na Gomes waliuzwa Oakland, Lackey akauzwa St. Louis, na safari hii hakuna gazeti lililohitaji kutafuta kilichoagizwa kwa chakula cha jioni. Mji ulikuwa umeshashiba ubingwa.

Novemba 2, 2016, mchezo wa 7 wa fainali uliwakutanisha Chicago Cubs na Cleveland. Cubs ilijengwa na Epstein. Kwenye kikosi chake walikuwamo Lester, Lackey na Ross. Cleveland ilifundishwa na Francona, na Napoli alikuwa mmoja wa wapigaji wake. Lester aliingia kusaidia katikati ya mechi, Ross, katika mechi yake ya mwisho kabla ya kustaafu, akapiga mpira ukavuka ukuta, na Cubs wakashinda 8-7 katika raundi ya 10, ubingwa wao wa kwanza tangu 1908. Boston nao walikuwa kwenye mtoano mwaka ule. Walitolewa raundi ya kwanza, mechi 3-0, na Cleveland ya Francona.